RAV4 inachemsha nikipanda Newala tu, tambarare iko poa, shida itakuwa nini?

Masasi_Kwetu
Habari za humu wadau. Nina RAV4 ya zamani, injini ya 3S ya petroli. Hapa Masasi mjini nazunguka nayo siku nzima haina neno, hata nikienda Mtwara kupitia Mnazi Mmoja mshale wa joto unakaa palepale chini ya katikati. Balaa ni kupanda Newala. Nikishaanza kile kilima na abiria wanne na mizigo, AC imewashwa, mshale unapanda taratibuu mpaka unakaribia nyekundu, nalazimika kusimama pembeni nisubiri ipoe. Maji kwenye rejeta yanapungua kidogo kidogo, naongeza ya kisima cha nyumbani. Fundi alichofanya kwanza ni kutoa themostati, eti kwa joto la huku kusini haina kazi. Kilimani bado inachemsha. Sasa anasema gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya bloku na hedi juu yake) imekufa tufungue injini. Hela ya kufungua injini kabla korosho hazijauzwa naitoa wapi, na gari ndiyo inanilisha? Naombeni ushauri.

Chikongola_Gereji
Kaka usifungue injini kwanza. Angalia gari inachemsha WAPI, hapo ndipo unapojua ugonjwa. Ikichemsha umesimama kwenye foleni au injini inaunguruma tu bila gari kutembea, halafu ukitembea inapoa, mtuhumiwa wa kwanza ni feni, kwa sababu ukiwa kwenye mwendo upepo unapita wenyewe kwenye rejeta. Ikichemsha kwenye mzigo kama wewe, maana yake joto linalozalishwa ni kubwa kuliko linalotolewa, na hapo tunatazama rejeta yenyewe, wota pampu, mfuniko, na feni pia maana kilimani unatembea polepole upepo ni mdogo.

Maji yanazunguka hivi: pampu inayasukuma ndani ya bloku kuzunguka silinda, yanapanda kwenye hedi, yanatoka na mpira wa juu kuingia rejeta, yanapita kwenye vile vijibomba vyembamba yanapoa, yanarudi kwa mpira wa chini. Themostati ni mlango tu, injini ikiwa baridi unafunga, ikifika nyuzi 82 hivi unaanza kufunguka. Na mfuniko wa rejeta watu wanaudharau sana ila una kazi kubwa, unabana presha. Maji ya wazi yanachemka nyuzi 100, ukiyabana kwa mfuniko wa 0.9 au 1.1 (namba ya presha, imeandikwa juu yake) yanavumilia mpaka karibu 120. Mfuniko ukilegea, maji yanachemka mapema na yanatoroka kupitia tanki la akiba, ndo unakuta yanapungua na chini hakuna tone.

Nijibu haya, injini ikiwa BARIDI. Chomoa stiki ya oili na angalia kizibo cha oili, kuna rangi ya chai ya maziwa? Fungua rejeta washa gari, mapovu yanatoka mfululizo hayakomi? Asubuhi ukiwasha moshi mweupe mzito haukatiki? Kama yote hapana, hiyo gasketi fundi anabahatisha.

nangurukuru_dereva
Mimi natofautiana kidogo, gari yangu haina themostati muda mrefu na Kilwa kwenda Lindi inakwenda vizuri tu. Joto la pwani hili injini inapata moto yenyewe bila kusaidiwa.

Chikongola_Gereji
Mkuu inakwenda, ila angalia mafuta inayokula. Injini isiyofikia joto lake kompyuta inaihesabu bado ni baridi inaongeza petroli, na oili inachafuka haraka. Halafu tazama gari ya mwenzetu, imetolewa themostati na bado inachemsha, maana yake themostati haikuwa na kosa, ilifukuzwa kazi bure. Kama imekufa unanunua nyingine, hautoi mlango ukaacha tundu.

DadaMingoyo
Jamani hakuna aliyeona hapo kwenye maji ya kisima?? Visima vyetu vingi huku vina chumvi, hata sufuria ya kuchemshia inashika ukoko mweupe, sasa huo ukoko ukishika kwenye vijibomba vya rejeta maji yatapitia wapi. Tambarare vilivyobaki wazi vinatosha, kilimani ndo havitoshi. Chumvi inakula na aluminiamu ya hedi. Weka kulanti (maji maalum ya rejeta), ile ya kuchanganya changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, inazuia kutu na kulinda sili ya pampu. Ukikwama njiani kabisa maji ya mvua ni afadhali kuliko ya kisima.

Masasi_Kwetu
Asanteni sana. Oili safi, mapovu hakuna, moshi hakuna. Feni nimewasha AC zote mbili zinazunguka. Ila baada ya mzunguko nimepapasa rejeta kama jamaa mmoja alivyonielekeza inboksi, feni zimezimwa, juu ni moto sana na upande mmoja wa chini ni baridi kabisa. Na mdomoni ndani kuna ukoko mweupe kweli.

Chikongola_Gereji
Basi umeshapata, hapo palipo baridi maji hayapiti. Peleka kwa fundi rejeta aifungue, kama ni ile ya matangi ya plastiki iliyoziba sana nunua tu nyingine. Nje pia puliza mavumbi na nyasi kati ya rejeta na kondensa ya AC, kwa upepo wa kutokea ndani kwenda mbele. Muulize pia mshipi wa taiming ulibadilishwa lini, kwenye 3S ndo unaozungusha wota pampu, ukifungua huko badilisha vyote kwa pamoja usilipe ufundi mara mbili.

Rudisha themostati, kile kipini chake kidogo kikae juu kipitishe hewa. Ukijaza kulanti acha mfuniko wazi, washa gari, ongeza taratibu mpaka mapovu ya hewa yaishe na mpira wa chini upate moto, ndipo ufunge. Hewa ikibaki ndani utakuja tena humu kusema rejeta mpya imechemsha. Na kilimani mshale ukianza kupanda zima AC, fungulia hita ya moto hadi mwisho na vioo vyote, hiyo nayo ni rejeta ndogo. Mfuniko usiguse mpaka ipoe, yale maji yanaruka usoni.

DadaMingoyo
Na mfuniko badilisha, bei yake ndogo. Chukua wenye namba ileile ya wa zamani, usiongeze presha.