Medali ya KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza Afrika Mashariki), wazee nisaidieni

Jamani, kaka yake jaja, mzee wetu, aliuawa Burma 1944 akiwa KAR, kijana hata ndevu bado, sasa sandukuni tumekuta nyota ya shaba ya ncha sita, jaja anasema ni ya ushujaa. Kweli?

— Hapana ndugu, hiyo Burma Star, waliopigana kule walipewa. Ya ushujaa ni Military Medal, ni duara ya fedha na jina limechongwa ukingoni.

— Tena enzi hizo ukishakufa hiyo hupewi, labda Victoria Cross, nishani kuu ya ushujaa ya Waingereza. Sajini Leakey, Mzungu wa KAR, alirukia vifaru Ethiopia 1941 akafa, yake ikatangazwa 1945. Askari wetu weusi nani angewaandikia wapewe?

— Asante, ila mimi simwambii jaja, kila Jumapili anaisugua na majivu.