Geti jipya limepata hela, maji ya kuoshea macho kiwandani hakuna

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta ya alizeti hapa Dodoma. Jina nalihifadhi, nina watoto wanaokula kwa mshahara huo.

Wiki iliyopita, shifti ya usiku, mwenzetu alikuwa anachanganya kostiki soda. Mpira wa pampu ukachomoka, dawa ikamrukia usoni. Tukamkimbiza kwenye bomba la kuoshea macho, lile lenye kibao cha kijani. Kufungua, hata tone halitoki. Mgao wa maji. Tukamwosha kwa chupa zetu za maji ya kunywa, kila mtu anatoa yake, mwingine anakimbilia ndoo ya chooni. Kostiki ikiingia jichoni haikomi yenyewe, inaendelea kula kwenda ndani, ndiyo maana jicho linatakiwa lioshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15. Chupa sita zinafika dakika ngapi? Mpaka leo yuko wodini, jicho la kushoto anaona ukungu tu.

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Tangu Machi kamati yetu ya usalama iliomba simtanki moja ya lita 1,000 kwa ajili ya bomba hilo. Moja! Dodoma hii hata mama ntilie ana diaba la akiba, maana kila mtu anajua maji hayatoki kila siku. Tukaomba na vifaa vya kutambua mvuke wa heksani, kile kimiminika kinachowaka haraka tunachotumia kutolea mafuta yaliyobaki kwenye mashudu. Jibu likaja: subirini msimu uishe, halafu miaka yote sita haijawahi kutokea ajali kubwa. Mwezi huohuo likajengwa geti jipya, ukuta ukapigwa rangi.

Haijawahi kutokea! Hilo ndilo neno linalonikera kuliko yote. Mvuke wa heksani ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni, unatuama mitaroni. Ukizidi kidogo tu asilimia 1 ya hewa, cheche ya swichi inatosha kuulipua. Sisi tunategemea pua, na pua ikishazoea harufu haikuambii kitu. Miaka sita ya bahati inapimaje jambo ambalo likitokea mara moja tu linaondoka na shifti nzima?

Bhopal kule India, Desemba 1984, gesi ya sumu ilivuja kutoka kiwanda cha dawa za kuua wadudu: mtambo wa kupoza tanki la kemikali ulikuwa umezimwa kubana matumizi, na mnara wa kuchomea gesi ulikuwa umeondolewa bomba kwa matengenezo. Walikufa maelfu, wengi wao majirani waliokuwa wamelala majumbani. Na sisi nyuma ya huo ukuta uliopigwa rangi kuna nyumba za watu.

Tulichopata ni glavu na mabango ya "Usalama Kwanza". Glavu ni kinga ya mwisho, baada ya kurekebisha pampu, kuweka kingio la kuzuia dawa isiruke na kuhakikisha maji yapo. Wao wameanzia mwisho kwa sababu ndiko rahisi. Na bosi mmoja akathubutu kutuambia mtu akiumia Mfuko wa Fidia upo. Fidia inamrudishia nani jicho?

Bajeti inapangwa na watu ambao ofisi zao ziko upande upepo unakotokea. Hakuna hata fundi mmoja wa shifti anayeitwa kwenye kikao hicho. Wangemuuliza yeyote kati yetu aanze na nini, angewaambia: kwanza kile kinachoweza kuua wengi kwa mpigo, na kile ambacho kikiharibika hakirudi, kama macho. Simtanki haifiki hata robo ya bei ya lile geti.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inambana mwajiri, hilo tunalijua. Naomba mwenye uzoefu na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, hapa Dodoma anielekeze: malalamiko yanapokelewaje bila jina la mlalamikaji kumfikia mwajiri? Picha za lile bomba kavu ninazo, na barua ya Machi yenye muhuri wa kupokelewa ninayo.