Mrejesho: Je, wazo hutangulia maneno?

Ndugu zangu, niliuliza kama tunakiona kitu kwanza ndipo lugha ikibandike jina. Asanteni mlionielekeza kwa Merleau-Ponty, mwanafalsafa Mfaransa. Tumemsoma na wenzangu hapa Makerere. Katika kitabu chake cha 1945 anakataa kwamba neno ni vazi la wazo lililokwisha kukamilika: msemaji hulikamilisha wazo katika kusema kwenyewe. Mtu akikunja ngumi hatufasiri chochote, tunaiona hasira yenyewe. Usemi nao, kwake, ni ishara ya mwili. Hapo ameniteka kabisa.

Ila Husserl, mwanafalsafa aliyemtangulia, bado ananivuta: kwake, utambuzi una maana hata kabla ya kutamkwa. Merleau-Ponty mwenyewe alilirudia suala hili katika maandishi aliyoyaacha bila kumaliza alipofariki 1961. Ndiyo tunayoanza sasa.