Likizo ya wiki tatu Makete: nibebe tarumbeta au niiache Mbeya?

Mpulizaji wa Uyole:

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbeya, na kanisani napuliza tarumbeta, sauti ya kwanza, katika kikundi cha ushirika wetu wa Moravian. Shule zikifungwa mwezi wa sita naenda ukweni Makete na familia, wiki tatu. Tunapandia Chimala, zile kona hamsini na saba hadi Matamba. Mwenye kuijua njia hiyo anaelewa kwa nini kila mzigo naupima mara mbili. Kuna watoto, mablanketi na zawadi za wakwe, na gari likijaa, kinachobaki kinafungwa juu ya keria. Sanduku la tarumbeta siwezi kukubali lifungwe huko.

Tangu Krismasi hatujapumzika. Pasaka tulikuwa makaburini kabla jua halijatoka, halafu zikafuata harusi, misiba na mikutano ya injili. Siku hizi nikifika ubeti wa nne noti za juu zinapasuka, na mdomo wa juu unabaki na alama ya duara hadi jioni. Mke wangu anasema niiache, nikapumzike. Mwenzangu wa sauti ya pili anasema mpulizaji akikaa wiki tatu bila kupuliza anarudi kuwa mwanafunzi. Mwishoni mwa mwezi wa nane tuna tamasha la vikundi vya tarumbeta, na wimbo tuliopangiwa unapanda juu sana kwenye kiitikio.

Nibebe au niiache? Naomba mawazo yenu, hasa mliopuliza miaka mingi.

Mzee wa Tenori, Tukuyu:

Marahaba mwanangu. Iache.

Nitaanza na jambo ambalo vijana hawalifikirii. Ukishuka kwenye gari huko ukweni na sanduku la tarumbeta mkononi, kijiji kizima kimekuona. Msiba ukitokea utaitwa, na hutaweza kukataa, wala haifai ukatae. Jumapili utaombwa usaidie kwaya. Kabla wiki haijaisha utakuwa unapuliza kuliko ulivyopuliza Uyole, tena peke yako, bila wa kukupokea ukichoka. Yote hayo ni mambo mema, ila usiyaite mapumziko.

Sasa midomo. Hiyo alama ya duara inayokaa hadi jioni imenishtua kuliko habari ya wiki tatu. Misuli ya pembe za mdomo ikichoka, mtu hutafuta noti ya juu kwa kukandamiza tarumbeta usoni. Noti inatoka kweli, lakini mdomo unabanwa kati ya chuma na meno, damu haipiti vizuri, unavimba, na kesho yake unakandamiza zaidi. Nimefundisha vijana wengi na hapo ndipo wengi huharibikiwa, hasa hawa wa sauti ya kwanza, kwa sababu wanaona aibu kuacha noti. Mdomo wa namna hiyo dawa yake ni kuuacha.

Mwenzako anasema kweli nusu. Kuna kinachopungua na kuna kinachobaki. Kinachopungua kwanza ni ustahimilivu, yaani ule uwezo wa kufika ubeti wa nne, pamoja na noti za juu. Vidole kwenye vali tatu, vile vibonyezo vya tarumbeta, havisahau kwa wiki tatu, na kusoma solfa, yaani noti za do-re-mi, hakupotei. Hata sauti nzuri ya katikati utaikuta siku ya pili au ya tatu. Huwi mwanafunzi.

Kazi yenyewe iko kwenye kurudi. Siku ya kwanza puliza noti ndefu, za chini, polepole. Ukipuliza dakika moja, pumzika dakika moja. Acha kabla hujachoka, halafu rudi jioni kidogo. Wiki nzima ya kwanza kiitikio cha tamasha usikiguse. Ukirudi mapema mwezi wa saba, hadi mwisho wa mwezi wa nane unao muda wa kutosha, mradi usitake kulipa deni lote Jumamosi moja.

Dada wa Gita, Iringa:

Mzee shikamoo. Kwa midomo nakubali kila neno. Nina langu moja tofauti.

Mimi gita langu nasafiri nalo kila likizo. Vidole vina sugu, na nikiacha kupiga kwa muda sugu zinalainika, nyuzi za chuma zinaanza kukata upya. Lakini sibebi kwa sababu ya sugu. Mwaka mzima napiga kilichoandikwa, kwa kasi aliyoitaka mwalimu wa kwaya, nikiangalia saa. Likizoni ndiyo nafasi pekee ya kupiga ninachokipenda, barazani, watoto wakidai wimbo uleule tena na tena. Ukimnyima mtu hilo kwa jina la mapumziko, sijui anapumzika nini.

Najua tarumbeta si gita. Huwezi kuipuliza kimyakimya kwenye yale mabonde ya Makete, ng'ambo watakusikia. Basi iache, ila muziki usiuache. Mama mkwe wako bila shaka anazijua nyimbo za Kikinga za kulimia na za kubembelezea watoto. Jioni mkiota moto mwombe akuimbie mmoja, uushike kwa sikio, uuimbe naye, uuandike kwa solfa kwenye daftari. Sikio lako litakuwa limefanya kazi ambayo Uyole huna muda nayo. Ukirudi utakuwa na wimbo ambao kikundi chenu hakijawahi kuupuliza.

Mwalimu wa Kinanda, Njombe:

Naunga mkono kuiacha. Nina nyongeza kuhusu kufanya mazoezi bila chombo, kwa sababu wengi hawaamini kama yanasaidia.

Mwaka 1995 Alvaro Pascual-Leone na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Marekani. Watu ambao hawakuwa wapiga kinanda walipewa zoezi la vidole vitano, saa mbili kila siku kwa siku tano. Kundi moja lilipiga kwa vidole. Kundi jingine lilikaa mbele ya kinanda likawaza tu kwamba linapiga, bila kugusa. Sehemu ya ubongo inayoongoza vidole ilibadilika kwa wote, kwa namna inayofanana. Waliopiga kweli walikuwa bora zaidi, lakini waliowaza, baada ya kupewa kipindi kimoja cha kupiga, waliwafikia.

Kwa hiyo kaka, chukua karatasi ya wimbo wa tamasha, haina uzito. Asubuhi kabla watoto hawajaamka, upitie kichwani: vidole vitatu vikibonyeza juu ya goti, mahali pa kuvuta pumzi ukipanga, kiitikio ukikisikia katika kimo chake halisi. Midomo haiguswi. Kitu pekee ambacho njia hii haiwezi kukupa ni nguvu ya misuli ya mdomo, na hiyo mzee ameshaeleza itakavyorudi.

Halafu beba koti zito. Mwezi wa sita huko barafu hulala kwenye nyasi za Kitulo.

Mpulizaji wa Uyole:

Ndaga fijo mzee, na asanteni sana dada na mwalimu. Hilo la msiba sikuwa nimeliwaza kabisa, na nikimwangalia mzee mkwe wangu anavyopenda kunitambulisha kwa majirani, ndivyo ingekuwa. Tarumbeta inabaki. Nabeba karatasi ya wimbo na daftari. Mke wangu amefurahi, anasema mama yake anazo nyimbo hata yeye hajawahi kuzisikia zote.

Nina maswali mawili ya mwisho. Kile kipande cha mdomoni nikibebe peke yake, nipulizie kidogo wiki ya mwisho? Na tarumbeta niitunze vipi wiki tatu isiguswe? Ni mali ya ushirika.

Mzee wa Tenori, Tukuyu:

Kipande kibebe, ila kikae kwenye begi hadi alama ile ifutike kabisa na mdomo usiwe na maumivu hata ukiubonyeza kwa kidole. Wiki ya mwisho kipulizie dakika chache, kwa kukigusisha tu mdomoni. Ukikishika kwa vidole viwili karibu na mwisho wake, huwezi kukikandamiza hata ukitaka. Sauti yake ni ndogo, majirani hawatajua.

Tarumbeta: toa maji yote, ifute ndani na nje. Vali zitoe moja moja, zifute, zitie mafuta yake ya vali. Usitie mafuta ya kula, yananata na utakuta zimeganda. Mirija ya kutunia, ile inayovutwa kurekebisha sauti, ipake mafuta mazito ya mgando, kidogo tu, isije ikakwama. Usiiache na kipande chochote cha mdomoni kimechomekwa. Sanduku lisikae chini kwenye sementi yenye unyevu, wala karibu na bati linalopigwa na jua. Ukirudi na vali ikagoma, tone la mafuta na subira, koleo usiitumie. Na kwa baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba, pitisha pumzi ya moto ndani yake kabla hujatuni, chombo baridi kinashusha sauti.

Lakini mwanangu, umesema ni ya ushirika. Basi isikae wiki tatu bila kuguswa. Ufunguo wa sanduku mwachie huyo wa sauti ya pili, na yeye ana kipande chake cha mdomoni. Mtu akifariki Uyole wewe ukiwa Makete, sauti ya kwanza lazima ipulizwe.