Nimepigwa! Chanta ya "mpingo halisi" ya zumari la Kiairishi imeelea kwenye karai

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, nikiteleza mtanisamehe.

Kwanza tuelewane nazungumzia nini, maana ukitaja zumari la mfuko kila mtu anawaza Waskoti na sketi zao. Siyo lile. Hili la Ireland hulipulizi kwa mdomo. Unakaa kitini, mvukuto umefungwa mkono wa kulia, mfuko uko kwapani kushoto, na upepo wote unatoka kwenye kiwiko. Hata jina lake, uilleann, limetokana na neno la Kiairishi la kiwiko. Chanta ni ule mrija unaochezewa vidole: matundu saba mbele na moja la dole gumba nyuma. Mirija mingine ya kuvuma unaweza kuiongeza hata baada ya miaka mitano. Lakini chanta ikiwa mbovu huna zumari, una mfuko wa upepo tu.

Dublin nina mwaka wa sita sasa. Mara ya kwanza kulisikia ilikuwa kwenye baa, Jumapili jioni, wazee wamejikunyata kona wanapiga. Nilisimama na glasi mkononi kama niliyeitwa jina. Ile sauti inakwaruza vilevile kama zumari la harusi za kwetu Pwani. Na sababu ipo: zote mbili zinalia kwa ulimi wa tete mbili zilizofungwa pamoja. Tofauti ni kwamba mpiga zumari wetu anaingiza ulimi mdomoni, wa huku umefichwa ndani ya kifuniko cha chanta na mate hayaugusi kabisa. Basi nikaugua. Nikatafuta mzee wa kunifundisha, nikapata.

Sasa bei. Fundi wa kweli, seti ya kuanzia tu, yaani mfuko, mvukuto na chanta, ni zaidi ya yuro elfu moja, na wengine wana foleni ya miaka. Mimi nalipa kodi ya nyumba Dublin, wanaoishi huku wanajua naongelea nini. Mfuko na mvukuto nikaazimwa na mzee. Ikabaki chanta. Nikaingia mtandaoni, nikakuta muuzaji ana picha za kumetameta: "mpingo halisi wa Afrika, daraja la kitaalamu, sauti ya D", yuro 165 na ulimi wake ndani. Nikaona nimepata. Na mimi nimekulia Lindi jamani! Baba yangu mdogo alikuwa fundi seremala, mpingo nimeuokota kama kuni. Nikajisemea kumbe mti wa kwetu umeniwahi huku.

Mzigo ukachelewa wiki saba. Nikiuliza naambiwa vibali vya mpingo vina mlolongo. Uongo mtupu. Ni kweli kuanzia 2017 jamii yote ya miti hiyo iliwekwa kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa kimataifa, lakini 2019 ala za muziki zilizokamilika zikaondolewa kwenye masharti hayo. Hilo nimelijua baadaye, hela ishaenda.

Ikafika. Nyeusi tii, inang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Hapo ndipo roho ilianza kunicheza, kwa sababu mpingo haung'ai hivyo. Mpingo uliochongwa una wekundu au uzambarau kwa mbali ukiupeleka juani, na mkononi ni mzito kama chuma. Hii ilikuwa nyepesi. Nikachukua pamba, nikatia spiriti kidogo, nikafuta sehemu ya chini: pamba ikatoka nyeusi kama masizi. Nikakwangua kwa msumari ndani ya tundu la dole gumba, nikakutana na mti wa kahawia umechekaaa. Nikatoa ulimi, nikajaza karai maji, nikaitumbukiza. Wakuu, ilielea kama ngalawa. Mpingo unazama! Mtoto wa darasa la pili kule kwetu anajua mpingo unazama.

Haya, pengine unasema mti siyo hoja, sauti ndiyo hoja. Na ni kweli, kuna mafundi wazuri wanatumia miti mingine, hata plastiki ngumu, na inalia vizuri tu. Tukaipiga basi. Noti ya chini kabisa, D, ilikubali kwa shingo upande. Nikaweka programu ya kupimia sauti kwenye simu: A iko chini sana, ile D ya juu ya dole gumba iko juu mno, F ndiyo hata haijui inataka kuwa nani. Kwenda oktavo ya pili, yaani noti zilezile kwa sauti ya juu zaidi, unafunga mdomo wa chanta kwenye paja, unakaza mfuko, na noti inaruka juu. Yangu inapiga yowe moja kama paka amekanyagwa mkia, halafu inarudi chini yenyewe. Jirani kanigongea ukuta, na sikumlaumu.

Mzee alihangaika nayo saa nzima. Aliingiza kijiti chembamba ndani ya mrija kushusha noti zilizopanda, akabandika utepe kwenye nusu ya matundu, akaweka ulimi wake mwenyewe anaouamini. Wapi. Akanielekeza niangalie ndani kwa tochi: mrija wa chanta unatakiwa upanuke taratibu kutoka juu kwenda chini kama pia iliyorefushwa, na upana wake ndio unaoamua kama oktavo mbili zitaelewana. Huu wangu umetobolewa kwa ngazi ngazi, mistari ya keekee inaonekana kabisa. Akairudisha mezani kama mtu anayerudisha samaki aliyechina. Hakusema neno.

Nikamwandikia muuzaji. Jibu: "Tatizo ni ulimi, nunua ulimi mpya yuro 35." Nikasema ulimi tumebadilisha. Jibu: "Hali ya hewa ya kwenu." Hali ya hewa inasumbua ndimi, sikatai, ukiwasha hita za majira ya baridi ulimi unakauka na kugoma. Lakini hita haitoboi mti vibaya! Kisha: "Subiri, fundi yuko likizo." Nimesubiri kama mjinga, kumbe siku 30 za kudai hela zinakatika. Zilipokatika ndipo akaniambia niirudishe kwa gharama zangu, nauli yuro 60 na zaidi, "tutaikagua." Ukague nini wewe mtu uliyeipaka rangi?

Kinachoniuma siyo 165 peke yake. Mpingo unachukua miaka 70 na zaidi kukomaa, wazee wa Kilwa na Lindi wanaulinda misituni, halafu mtu anachukua jina lake anabandika kwenye mti wa kuchoma mishikaki.

Najua kuna watakaoniambia "ungeuliza kwanza." Sawa, nimeuliza sasa, tena kwa watu wanaopiga. Chanta ya plastiki isiyo na vitufe (vile vya chuma vya kuongeza noti za katikati) kutoka kwa fundi anayejulikana inatosha kabisa kwa mtu anayeanza, na unyevu hauisumbui kama mti. Vitufe ndivyo vinavyopandisha bei; nyimbo nyingi za D na G hazivihitaji, ila kama ni ya mti mwambie fundi aache vinundu vya mti pa kuja kufungia vitufe baadaye. Ulimi uchukue kwa fundi huyohuyo aliyetengeneza chanta, maana vinaoana kama kufuli na ufunguo. Ya mtumba ni nzuri kama ina jina la fundi, na kama mtu anayejua ameipiga mbele yako oktavo zote mbili, siyo video yenye muziki wa nyuma. Na hili ndilo limenifanya nijipige kofi: hapa hapa Dublin, mtaa wa Henrietta, kuna chama cha wapiga zumari hawa, Na Píobairí Uilleann, kipo tangu 1968, na wanaazimisha ala kwa wanaojifunza. Nimepita mtaa wa pili yake mara ngapi nikienda kazini!

NYONGEZA: Wanaotaka jina la muuzaji, sitaji hadharani, bado nadai kupitia benki. Ukiona tangazo lenye maneno "mpingo halisi" na bei ya viatu, utamjua.

NYONGEZA 2: Mkuu uliyeuliza kama naiuza, siuzi, nitakuwa nimekupiga kama nilivyopigwa. Anayeitaka bure ya kutundika ukutani aje achukue. Ulimi nimeshautoa.