Naomba ushauri: sensa ya koili inasoma juu ikiwa bombani

Salamu wenzangu. Mimi ni fundi wa vipimo kwenye kiwanda cha vinywaji huku Changamwe. Mabomba tunayasafisha kwa kostiki soda ya asilimia 2, ikiwa moto. Sensa ya kupima jinsi dawa hiyo inavyopitisha umeme, ile ya zamani, ilikuwa ya elektrodi, yaani ncha za chuma zinazogusa dawa. Ukiichomoa unakuta ukoko mweupe umeganda kwenye ncha, na kipimo kimeshuka ilhali dawa ni ile ile. Nikaomba tuweke ya koili mbili: moja inasukuma mkondo wa umeme kwenye kioevu, ya pili inaupokea, zote zimefunikwa plastiki. Hakuna chuma kinachogusa dawa. Tatizo la ukoko limekwisha, alhamdulillahi.

Shida ni hii. Nikiitumbukiza kwenye ndoo pana ya plastiki, inalingana na mita ya maabara. Nikiirudisha kwenye bomba la steinlesi la inchi 2, inasoma juu kwa kama asilimia 8, kila mara. Fidia ya joto, yaani marekebisho ya kipimo joto la dawa likibadilika, nimeweka asilimia 2 kwa kila digrii. Tundu la katikati ya sensa nimelielekeza dawa inakotiririka ili vipovu visikae humo. Nashuku ukuta wa bomba: uko karibu mno na sensa, nao unapitisha umeme.

Aliyewahi kufunga hizi anisaidie: nirekebishe kizidishi (namba inayozidishwa na kipimo ili kukisahihisha) hapo hapo bombani, au nikate niweke tii (kiungo cha bomba cha umbo la T) ya inchi 3? Na maji ya mwisho ya kusuuza, yanayopitisha umeme kidogo sana, mnayapima kwa sensa gani? Hapo sitaki kubahatisha, maana soda zetu zinanywewa na watoto.