Mtoa huduma wa intaneti anateka maswali yangu ya DNS, kisha anaisingizia seva yangu ya kuzuia matangazo

Wakuu, ninaandika uzi huu nikiwa na hasira. Nyumbani kwangu, Dar es Salaam, nina Raspberry Pi (kompyuta ndogo) yenye programu ya Pi-hole, ambayo hupokea maswali ya DNS (maombi ya kugeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP) ya vifaa vyote vya ndani na kuyazuia majina ya kampuni za matangazo na za ufuatiliaji. Ilifanya kazi vizuri hadi mtoa huduma wetu wa faiba alipotangaza maboresho ya mtandao. Tangu hapo kila tovuti nisiyoifungua mara kwa mara hukwama sekunde 2 kabla ya kuonyesha chochote, ilhali nikipima kasi ninapata megabiti zote ninazozilipia.

Huduma kwa wateja waliniambia kwamba tatizo ni hicho kifaa changu, nikiondoe. Fundi waliyemtuma hakupima chochote. Aliirudisha ruta kwenye mipangilio ya kiwandani, akafuta mipangilio yangu ya DHCP (inayoviambia vifaa vitumie seva gani ya DNS), akaondoka. Hilo limeniudhi kuliko ucheleweshaji wenyewe, kwa sababu ushahidi ulikuwa wazi kwenye kumbukumbu za maswali ambazo alikataa kuzitazama. Jina lililozuiwa hujibiwa papo hapo, na lililomo kwenye kache (majibu yaliyohifadhiwa) hujibiwa chini ya milisekunde 1. Yanayochelewa ni yale tu yanayotumwa nje, kwa seva za DNS za umma kama 1.1.1.1 ya Cloudflare au 8.8.8.8 ya Google. Ping (pakiti ya kupima muda wa kwenda na kurudi) kwenda anwani hizohizo hurudi chini ya milisekunde 30, lakini swali la DNS huchukua hata 800, na mengine hupotea hadi yarudiwe. Nikiiunganisha seva hiyohiyo kwa bando la simu, ucheleweshaji unatoweka.

Ubishi uliishia kwenye amri ya dig, inayotuma swali la DNS kwa seva unayoitaja. Nilituma swali kwa 192.0.2.1, anwani iliyotengwa kwa mifano ya kwenye nyaraka tu, kama inavyoelezwa katika waraka wa kiufundi wa intaneti RFC 5737 wa mwaka 2010. Hakuna seva inayopaswa kuwepo huko, kwa hiyo swali lilipaswa kukosa jibu. Nilijibiwa! Maana yake ni kwamba kuna mtu katikati anayenyakua kila pakiti inayoelekea poti 53 (mlango wa kawaida wa maswali ya DNS), bila kujali imeandikiwa nani, akaipeleka kwenye seva yake inayosuasua, kisha akarudisha jibu kwa jina la yule niliyemuuliza. Hata 198.41.0.4, ambayo ni seva ya mzizi (ngazi ya juu kabisa ya DNS) na kazi yake ni kukuelekeza kwa wasimamizi wa .tz au .com bila kukupa jibu la mwisho, ilionekana kunipa anwani kamili ya tovuti. Ndiyo maana Unbound, programu ya DNS niliyoiweka ili iulize seva za mizizi yenyewe, ilikuwa ikishindwa kuthibitisha saini za DNSSEC (zinazoonyesha kwamba jibu halijachezewa) na kurudisha ujumbe wa hitilafu wa SERVFAIL.

Kwa sasa nimeielekeza Unbound itume maswali yake kwa TLS (yakiwa yamesimbwa) kupitia poti 853, ambayo hawajaigusa, na majina mapya yanajibiwa ndani ya milisekunde 70. Mwenye tatizo kama langu anaweza kufanya hivyo leo. Hata hivyo sikubali kwamba mteja anayelipa kila mwezi ndiye anayepaswa kujificha. Orodha ya majina tunayoyauliza inaonyesha benki yetu, hospitali yetu na shule ya watoto wetu, na hakuna aliyeniomba ridhaa ya kuipitisha kwenye seva nisiyoichagua. Nimewasilisha malalamiko kwa maandishi nikiambatisha matokeo yote, na wakinijibu tena kwamba tatizo ni kifaa changu, nitayapeleka TCRA, mamlaka ya udhibiti wa mawasiliano Tanzania.

Ninawaomba mnaotumia faiba mwendeshe amri hii kwenye kompyuta zenu, hata kama hamna Pi-hole: dig @192.0.2.1 wikipedia.org. Ukipata jibu badala ya ujumbe wa kuisha kwa muda, bandika matokeo hapa pamoja na eneo ulipo, ukifuta kwanza anwani yako ya IP, ili niyaambatishe kwenye malalamiko.